Picha ya Theuri Kando ya Barabara

Mimi ni kinyozi, na si mtu wa kusifu watu ovyo. Hapa Gakindu wengi wanaojiita wasanii kazi yao ni kuandika "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za watu. Shiro ni mwingine kabisa. Kibanda chake kimepakana na changu, na kwa miaka sita nimemwona akifanya kitu ambacho mimi na macho yangu mazima kinanishinda: anatazama.

Mwezi wa tano, mvua ikipungua na kahawa ya kwanza ikianza kuiva, humpati kibandani kabla ya saa tano. Ameenda kiwandani, pale wakulima wanapomwaga kahawa juu ya magunia na kuchambua zilizo mbichi kabla ya kupima. Anawachora wakiwa wameinama vile vile, migongo na vidole vyenye utomvu. Siku moja alinisimamisha na mashine mkononi, mteja amenyolewa upande mmoja, ati mwanga umekaa vizuri kwenye kile kichwa. Nilimfokea. Akaendelea tu kuchora, na ile picha ilipokamilika niliona aibu.

Lakini kazi inayomlisha ni ya matanga. Mtu akifa, familia inaleta picha ndogo ya kitambulisho, naye anaichora kubwa, inawekwa kwenye stendi kando ya jeneza, na maua hapo chini. Kuanzia hapa mpaka Othaya, ukiona uso uliochorwa na Shiro unajua mwenyewe ameshaaga. Tumezoea hivyo.

Sasa mwaka jana akataka kumchora Mzee Theuri, jirani yetu wa bondeni, akiwa hai. Mzee ana miaka themanini na moja na anachuma kahawa yake peke yake. Watoto wake wawili, Anita wa Nairobi na Dedan wa Nyahururu, walikuja kumzika mama yao, wakagombana juu ya shamba hata udongo haujakauka, wakaondoka. Miaka minne hawajakanyaga hapo. Mzee halalamiki. Ila kila Jumamosi huja nimnyoe, anasema pengine Jumapili kutakuwa na wageni. Mimi ndiye namnyoa, na inaniuma.

Shiro alimchora amekunja kiganja, kahawa mbivu zimejaa ndani, anakutazama kama anayetaka kukugawia. Siongezi chumvi, sijaona picha nzuri kama ile. Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hivyo akaitoa nje, akaisimamisha kwenye stendi kando ya barabara ikauke. Chini yake akaweka mkebe wa maua meupe aliyochuma mtoni, alitaka kuyachora baadaye. Halafu akaenda kunywa chai. Hata mimi sikuona kosa.

Mpita njia mmoja akapiga picha na simu. Kufikia saa saba, kila kundi la WhatsApp la huku kwetu Mukurweini lilikuwa linasema Mzee Theuri ametuacha. Akina mama wa kanisa wakateremka bondeni na kuni na sukari, wakamkuta marehemu ameketi kwenye kigoda anakula githeri. Akawaambia kuni waweke jikoni.

Shiro alipopata habari aliingia kwangu akakaa sakafuni, kwenye nywele za watu. "Ngatia, nimemzika mtu aliye hai kwa brashi," akasema. "Guka Theuri hatanitazama tena. Na nani atakubali nimchore akiwa hai?" Alilia, na mimi nikafunga duka. Tukateremka kumwomba mzee msamaha.

Ilikuwa inakaribia saa kumi, tukamkuta na sahani nyingine. Kabla Shiro hajamaliza neno la kwanza, pikipiki ikasimama langoni. Alikuwa Anita. Aliingia akilia kwa sauti, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akamwona baba yake ameketi pale, akakaa palepale kwenye tope. Mzee aliweka sahani chini polepole, akamwendea, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Mimi nilitazama kahawa.

"Guka, nisamehe," Shiro akasema mwishowe. "Ni makosa yangu. Nipe namba ya Dedan nimpigie sasa hivi, nimwambie uko mzima."

Mzee hakumwachilia binti yake. "Dedan ako wapi?" akamuuliza.

"Alinipigia akiwa njiani," Anita akasema. "Saa hii lazima amefika Nyeri mjini."

Mzee akamgeukia Shiro. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Basi usipige bado," akamwambia. "Wacha afike."