Mfereji Nyuma ya Nyumba ya Floribert

Septemba 1956, vumbi jekundu la Elisabethville, Kongo, lilipokuwa limeingia mpaka ndani ya chumvi, karani Floribert Kasonde alifundishwa kwamba kule kwenye sayari ya Mirihi huenda maji yaliwahi kupita. Mwalimu wake alikuwa Bwana Moerman, Mbelgiji mwenye darubini, ambaye pia alikuwa mjumbe wa tume iliyochunguza kama Mwafrika fulani amestaarabika vya kutosha kupewa kadi. Bila kadi hiyo Wivine, binti wa Floribert, asingepokelewa katika shule ya masista kwenye mji wa Wazungu.

Jioni ile, katika klabu ya makarani Waafrika ambayo Floribert alikuwa katibu wake, walisimama kwenye mstari na tai zao, kila mmoja akachungulia kidoa chekundu ndani ya darubini.

"Unaona mifereji?" aliuliza Moerman.

Floribert hakuona hata mmoja. "Naona, Bwana."

"Basi. Penye mfereji maji yalipita, hata kama leo ni pakavu. Hiyo ndiyo sayansi."

Wakapiga makofi.

Jumamosi ikawa zamu ya Floribert kukaguliwa na Moerman, nyumbani kwake katika mtaa wa Waafrika ulioitwa Kenya. Uma za mezani zilikuwa za jirani yake Alphonse. Zilikwisha kukaguliwa katika nyumba nyingi kuliko vipande vya nyama zilivyowahi kuvichoma. Lakini fahari ya Floribert ilikuwa bafu: chumba kidogo nyuma ya nyumba, alichokijenga mwenyewe, na mfereji wa saruji wa kupeleka maji kwenye migomba. Tangu Agosti bomba lilikuwa kavu, wakawa wanaoga kwa kopo. Hata hivyo bafu lilipaswa kupendeza wageni. Akalisugua kwa nta nyekundu, ile ya sakafu ya sebuleni, akaupaka na mfereji wenyewe, mpaka mkewe Léonie akashika kiuno.

"Baba Wivine, hii iko bafu ao kanisa?"

"Mama, acha. Muzungu anapendaka vitu ya kung'aa."

Moerman aliziangalia zile uma, akatabasamu kama aliyekutana na marafiki wa zamani. Akaenda nyuma. Alipofungua bomba likakohoa, likatoa buibui. Akainama, akapitisha kidole ndani ya mfereji. Kikatoka kikavu, na chekundu.

"Hapa maji hayajawahi kupita."

Aliyejibu ni Léonie.

"Bwana, kule juu, mbali vile, unaonaka mufereji, unasema maji ilipita. Huu iko chini ya viatu yako, unakatala?"

Moerman akafikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya.

"Mama," akasema, "kule Mirihi hakuna aliyejua kwamba ninakuja."

Kadi ikaahirishwa mpaka mwaka mwingine, na shule ya masista ikafunguliwa bila Wivine. Moerman alirudi klabuni na somo la pili, na Floribert, kwa kuwa alikuwa katibu, ndiye aliyemshukuru kwa niaba ya wote.

Novemba mvua ikanyesha, bomba nalo likakumbuka kazi yake. Asubuhi moja Wivine alikuwa akioga kabla ya kwenda shule yake ya mtaani. Floribert alisimama nje, tai shingoni, akiangalia maji yakiteremka mferejini, yakibeba wekundu wa nta mpaka kwenye migomba. Akatupa jicho barabarani. Hakukuwa na mtu.

"Baba, nimemaliza!"

"Mwanga maji tena, mama," akamwambia bintiye. "Mwanga tena kidogo."