Honi Mbili Kwa Geti La Mama Chebet

Leo nimeaibika Ainabkoi, na umri huu wangu wote.

Tangu nistaafu, kukaa nyumbani Eldoret kumenishinda. Nimenunua pikipiki ya milima na matope, mpya kuliko ile niliyozunguka nayo enzi za chama kimoja, nikipandisha ng'ombe wa watu kwa mbegu ya fahali wa serikali.

Nikasema niijaribu kidogo tu, nikajikuta Ainabkoi, kwenye njia zangu za kazi.

Kumbe mkono haujastaafu! Kila geti la zamani nilipiga honi mbili, ile ishara yetu kwamba daktari wa ng'ombe amefika.

Geti la nne, Mama Chebet akatoka mbio akivuta ng'ombe.

"Daktari! Hatimaye!"

"Nilistaafu, mama. Sina mbegu."

Akaangalia pikipiki, akaniangalia.

"Sasa unatafuta nini huku?"

Nimerudi Eldoret, helmeti bado iko kichwani. Nyinyi mngemjibu nini?