Asubuhi Niliyochagua Mashine ya Polepole

Mwenzangu wa kazi alikufa akijua kwamba nimesema uongo, na uongo wenyewe ulihusu kasi ya kompyuta mbili.

Tulikuwa wawili katika ofisi ya simu Kisimayu, nyumba ya mawe karibu na bandari. Yeye Msomali wa mjini, kazi yake kusajili wateja. Mimi Mbajuni wa kisiwa cha Chovae, niliyejifunza kompyuta ukimbizini Mombasa, kisha nikarudi nyumbani kwa ukaidi tu. Seva ilikuwa mikononi mwangu, sanduku la chuma lililovuma mchana kutwa. Mezani nilikuwa na laptopu yangu.

Vita vina saa nyingi za kungoja. Risasi zikilia ng'ambo ya mji, tulifunga mlango tukazishindanisha mashine zetu. Nilikuwa nimeandika programu ya kutafuta nambari katika kumbukumbu za simu, inayosoma mstari mmoja baada ya mwingine. Tukaibonyeza kote kuwili kwa pamoja. Laptopu ikamaliza, seva haijafika hata nusu.

"Ati dubwana lote hili lashindwa na kisahani hiki?" akasema mwenzangu.

Nikamweleza kwamba prosesa ya seva, yaani ubongo wake, ina viini vinane, kila kimoja polepole, ila vikigawana kazi vinabeba simu za mji mzima bila kutetereka. Ya laptopu ina viwili tu, vyenye mbio. Programu yangu haigawanyiki, kwa hiyo kwenye seva kiini kimoja kinahangaika na saba vimekaa.

"Basi ile ni wachukuzi wanane," akasema, "na hii ni wakimbiaji wawili." Akacheka sana.

Wiki chache baadaye wenye silaha walioushika mji walikwenda kisiwa cha Ngumi kupora mashine za boti na kuchukua vijana. Walikuta nyumba tupu. Kuna mtu aliyekuwa amewapigia simu watu wa kule kuwaonya. Asubuhi ya pili yake wakavunja mlango wetu kwa mateke.

Mimi nilimjua aliyepiga. Alikuwa mjomba wangu, fundi wa kuunda mashua, aliyekuwa mjini na wanawe. Jana yake alininong'oneza kwa Kibajuni: "Wachu wechu wamechoka, mwanangu. Kesho maji yakijaa tunaondoka, twenda Ras Kamboni." Maji yangejaa karibu na adhuhuri. Watu hawa waliingia mapema, chai yetu haijapoa.

Mkubwa wao alikuwa mwembamba, wa sauti ya chini. Akaweka karatasi mezani. "Hii ni nambari ya Ngumi. Nataka aliyeipigia juzi."

Mwenzangu akasema, "Kumbukumbu za wateja hatuzitoi." Kitako cha bunduki kikampiga mdomoni. Nikaona meno yake sakafuni, mawili, na damu ikimwagika kwenye shati alilolipiga pasi asubuhi ile.

Mkubwa akazitazama zile mashine. "Ipi ina kasi?"

"Hii kubwa," nikasema. "Hiyo ndogo ni ya kuandikia barua."

Akamgeukia mwenzangu. "Kweli?"

Mwenzangu alinitazama. Neno moja lingemwokoa, na mjomba hakuwa ndugu yake wala wa kabila lake. Alitema damu. "Kweli," akasema. "Ile kubwa."

Nikaanzisha programu kwenye seva. Kijana mwenye bunduki alisimama nyuma yangu akisoma kila herufi, mdomo wa bunduki umegusa shingo yangu, kwa hiyo sikuweza kufuta kitu. Nilichokuwa nacho ni ule upolepole wa mashine, hadi maji yajae. Kila nilipojibu "bado", walimpiga mwenzangu. Walimlaza mkono mezani wakamvunja vidole kwa nondo ya mlango, kimoja kimoja. Cha kwanza alipiga kelele. Cha tatu alitoa sauti kama mtu anayekohoa. Nilitapika miguuni pangu, na hawakuniruhusu kusogea.

Nusu ya asubuhi ikapita. Mkubwa akachoka. "Weka na kwenye hiyo ndogo pia."

Nikaichukua laptopu, na katika kuinyanyua nikachomoa waya wake wa umeme kana kwamba umenasa. Ikitumia betri, prosesa yake ilijipunguzia kasi yenyewe. Kisha nikaiweka juu ya mto wa kiti, matundu ya hewa yakazibwa, joto likapanda, nayo ikazidi kujizuia. Mwenzangu aliona yote mawili. Alifumba macho.

Hata hivyo laptopu ndiyo iliyomaliza kwanza. Nambari ikatokea, na jina la mjomba chini yake. Wakati huohuo muadhini alikuwa akiadhini adhuhuri. Walikimbilia bandarini, fundi wa mashua anakopatikana, wakamwacha mmoja atulinde.

Waliporudi nilijua kwa mwendo wao kwamba mashua imeondoka. Mkubwa alisoma tena kioo cha laptopu. Chini ya jina la mjomba paliandikwa jina la aliyemsajili, mwenzangu.

"Wewe ndiye uliyempa laini. Unamjua."

"Nawasajili wote," mwenzangu akasema. Maneno yalitoka kwa shida kwenye mdomo uliovimba.

Walimburura hadi kizingitini wakampiga risasi mbili. Kisha mkubwa akanipiga kofi, akaniambia nihakikishe simu zinafanya kazi. Ndiyo sababu pekee ya mimi kuwa hai.

Alasiri watu wa msikitini walimbeba. Nilimwosha pamoja nao, nikamnyoosha vile vidole nilivyoweza kuvinyoosha. Kesho yake niliziacha mashine zote mbili nikapanda boti ya wavuvi hadi Ras Kamboni, na kutoka pale nikavuka mpaka hadi Kiunga, Kenya.

Miaka ilipita kabla mjane wake hajanipata Mombasa. Alikaa ukingoni mwa kiti akasema, "Niambie yote, shemeji. Usinionee huruma."

Nikamwambia: seva, laptopu, swali aliloulizwa mumewe na jibu alilotoa. Nikamwambia kwamba ningechagua ile nyingine, pengine angerudi nyumbani kula. Mjane akaweka mkoba wake chini.

"Huyo mjomba ana watoto wangapi?"

"Sita."

"Wote walikuwamo kwenye mashua?"

"Wote."

"Nipeleke."

Mjomba naye alikuwa Mombasa, anaishi kwa watu, chumba kimoja. Nilimwambia mgeni ni nani. Bintiye mkubwa ndiye aliyempokea mkoba na kumtandikia mkeka. Mjane akawatazama mmoja mmoja, akawauliza umri wao, na anayesoma anasoma nini. Hakulia. Alipoletewa chai aliinywa yote. Alipotaka kuondoka mjomba akasema, "Mama, sina cha kukupa."

"Najua," akasema, akavaa viatu vyake.