Jina la Ukoo, Damu ya Tambarare

Jina la ukoo wetu silitaji hapa, maana wenye jina hilo ni wengi na wengine bado wana hasira. Ukipita Kirua Vunjo utawakuta kila kitongoji. Wako Mwika, wamejaa Moshi mjini, kuna walioshuka Mabogini kulima mpunga, na wa Dar es Salaam ndio usiseme. Nilipoanza kufundisha shule ya msingi mjini, darasani mwangu mlikuwa na watoto wenye jina langu ambao hatukuwa tunajuana hata kidogo. Mtu akilisikia aliniuliza tu, "Wa Kirua ya juu au ya chini?" Zaidi ya hapo hakuna aliyeuliza. Tangu utotoni tuliambiwa kwamba watu wa jina letu hawakutoka popote, walikuwepo mlimani kabla ya migomba.

Niliolewa na fundi magari mtu wa Mara, kando ya Ziwa Victoria. Ilikuwa ile miaka sabuni na sukari ziliporudi madukani na mitumba ikamwagwa sokoni. Baba hakufurahi sana mimi kuolewa mbali na mlima, lakini mbege ya harusi aliinywa.

Binti yetu alikuwa bado hajaanza kutembea vidole vyake vilipovimba, vya mikono na vya miguu, vikang'aa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Tukaambiwa ni meno. Tukaambiwa ni jicho la mtu. Tukapewa dawa ya malaria, tena na tena. Mwishowe daktari mmoja akaagiza damu yake ipimwe, kisha na yetu, akatuita mimi na mume wangu.

"Ana sikoseli," alisema. "Chembe zake za damu zinajikunja kama mundu. Ugonjwa huu hautoki kwa mzazi mmoja. Amerithi kwa baba na amerithi kwa mama."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Kwao ugonjwa huo waliujua, ulikuwa umemchukua dada yake. Mimi nikabisha, nikasema kwetu haupo.

"Upo, mama. Damu yako imeonyesha," alisema, naye alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala. "Asili yake ni sehemu za joto, zenye malaria nyingi. Watu wa milimani kwa kawaida hawana. Lakini watu huhama. Waulize wazee wenu."

Sikuuliza mara moja, sikuwa na nguvu. Miaka ile yote naikumbuka kama benchi moja refu la hospitali. Nilikuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi huku mtoto amelala mapajani. Nilijifunza kumpa maji kila wakati, kumfunika, kujua maumivu yanakuja kabla hajalia. Kirua hatukupanda mwezi wa Julai, maana baridi ya kule ilimwangusha. Mama yangu akawa anashuka yeye, na mkungu wa ndizi kichwani, kuja kumpikia mjukuu wake mtori.

Kule juu maneno yalikuwa yameanza. Mwenyekiti wa ukoo alikuwa binamu yake baba. Mimi nilimwita baba mdogo, na kihamba chake, shamba lake la migomba, kilipakana na chetu. Mwanzoni alisema ugonjwa umeletwa na mume wangu. Nilipoeleza kwamba daktari amesema ni pande zote mbili, hakukawia kupata jibu.

"Basi ni mama yako," alisema. "Huyo tulimtoa Mwika. Nani anajua kwao wana nini?"

Mama alikuwa amewazalia sisi watoto wote, amelima kihamba kile mpaka mgongo umepinda, na bado alikuwa wa kutoka Mwika. Wanawake wakaacha kumwomba ashike watoto wao wachanga. Baba aliyasikia yote hayo. Alichukua jembe lake tu, akaingia kwenye migomba.

Siku moja mama alishuka mjini bila mkungu. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani.

"Nipeleke nikatolewe damu," aliniambia.

"Mama, si lazima."

"Ni lazima. Nimechoka kutazamwa."

Majibu yalisema hana chochote. Nilimkuta kwenye benchi nje ya maabara, amebana pamba kwenye mkono. Nilidhani atafurahi. Aliikunja ile pamba akaitia ndani ya mkono wa blauzi.

"Sasa kamuulize baba yako," alisema.

Nilipanda Jumamosi iliyofuata. Nilimkuta baba anang'oa mibuni. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, wanunuzi binafsi walikuwa wanapita na magari yao wakisema bei wanayotaka wao, na watu wengi walikuwa wameamua kupanda nyanya. Ile mibuni aliipanda na baba yake. Alikuwa anakata mizizi taratibu, kama mtu anayemvua nguo mgonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Amelala vizuri jana. Baba, mama amepimwa. Hana."

Alisimamisha shoka. Alitazama upande wa kihamba cha binamu yake kwanza, kuona kama kuna mtu, ndipo akaketi juu ya kisiki.

"Bibi yangu mzaa baba hakuzaliwa hapa," alisema. "Alipanda kutoka Kahe, huko tambarare, mwaka wa njaa, mtoto mgongoni. Huyo mtoto ndiye baba yangu. Mzee wa ukoo huu aliwapokea. Alikuwa na wanawe, lakini na huyu akamhesabu. Akampa jina lake, akampa na ardhi hii tunayokanyaga."

"Nani alikuambia?"

"Bibi mwenyewe. Akaniambia nisirudie. Mtu mwenye jina bila damu, alisema, anaweza kuamka asubuhi akakuta hana migomba."

"Na mama anatukanwa miaka yote hii?"

Aliinuka akaendelea na kisiki chake, nami nikasimama pale mpaka nikaona aibu kumtazama. Niliondoka sijui kama nimemchukia au nimemhurumia. Nilichohisi zaidi ni kutaka kulala.

Desemba ile, kama kila Desemba, wanaukoo walipanda kutoka Dar na Arusha. Walikuwa wamevaa fulana zenye jina letu mgongoni, turubai limefungwa, mbuzi wamechinjwa. Baba mdogo alisimama akasimulia historia ya ukoo, jinsi mzee wetu wa kwanza alivyotoka msituni na mkuki wake. Kisha akafika kwenye ndoa.

"Vijana, muwe macho," alisema. "Angalieni mnaingiza damu ya nani. Ukoo huu ulikuwa safi."

Mama alikuwa anapita na sufuria la mtori pamoja na mwanamke mwingine. Watu kadhaa walimtazama. Aliendelea kutembea.

Ndipo baba akasimama. Hakuwa msemaji, na mwanzoni watu hawakumsikia kwa sababu ya watoto.

"Damu hiyo ni yangu," alisema. "Mke wangu amepimwa, hana. Imetoka kwa bibi yangu, na bibi yangu alitoka Kahe akiwa na baba yangu mgongoni. Babu yako alimpa jina, wewe unajua na mimi najua."

Turubai zima liligeuka kumtazama baba mdogo.

"Meku, mzee wangu, umelewa?" baba mdogo aliuliza.

"Sijaonja."

Msichana mmoja wa Dar, ambaye hata sikujua ni mtoto wa nani, akauliza, "Kwa hiyo na sisi tukapime?"

"Wa kwangu wakapime," baba alisema. "Na wenu pia. Ninyi nanyi mmeoa kila mahali."

Akaketi. Mama alikuwa ameweka sufuria chini. Alimpakulia baba bakuli, akampelekea mbele ya watu wote, akabaki amesimama karibu naye mpaka alipomaliza.

Hakuna aliyetufukuza. Lakini masika yalipokwisha, masale, ile mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka, yalikuwa yamesogea, na mstari mmoja wa migomba yetu ukawa upande wa baba mdogo. Mdogo wangu alitaka kwenda baraza la kata. Baba akamkataza.

"Babu yake alitupa vyote," alisema. "Aache achukue mstari."

Mdogo wangu huyo naye alipimwa akakutwa anabeba ugonjwa bila kuumwa, kama mimi. Mchumba wake, msichana wa Tanga, naye akakutwa anabeba. Walikaa nyumbani kwangu alasiri nzima, kisha wakaachana. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo, ila kwa muda mrefu alikuwa akija mjini hapiti kwangu. Najua tulichomwokoa nacho. Nakiona kila siku kwa binti yangu. Hata hivyo sikuweza kujisifu.

Baba alifariki miaka michache baadaye, akazikwa kihambani kama wengine. Baba mdogo alikuja, alichimba kaburi pamoja na vijana, akasema sala ndefu.

Binti yangu alikua, mwembamba, na macho yenye umanjano kidogo. Alipoanza sekondari akataka kuiona Kahe. Tulishuka asubuhi. Tulimkuta mwanamke mmoja mzee anapepeta mahindi, tukamwamkia, nikamweleza kwamba tunatafuta ndugu wa mwanamke aliyepanda mlimani na mtoto wakati wa njaa.

Alituangalia kwa huruma.

"Wengi walipanda, mwanangu. Njaa zilikuwa nyingi. Aliitwa nani?"

Sikujua. Baba hakuwahi kulitaja jina lake, nami sikufikiria kuuliza.

Yule mama alituletea viti, akatupa maji. Binti yangu akaketi ukingoni mwa mfereji uliopita hapo, akavua viatu.

"Mama, wao hawatukumbuki," alisema.

"Hawatukumbuki."

"Basi tukae kidogo. Miguu inaniuma."

Nikamsogezea chupa ya maji anywe, nikaanza kumkanda.