Maneno ya Kirusi Aliyonichagulia Mume Wangu

Wanafamilia wa ukurasa huu, popote mlipo, acheni kwanza mnachofanya. Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mimi, mama wa miaka arobaini na minane, muuza kuku wa kienyeji hapa Singida mjini, niliyeishia darasa la saba, ninaongea Kirusi. Makofi tafadhali. Mnaojivunia Kiingereza cha kuombea kazi, kaeni pembeni kidogo. Admin, jina langu lifiche, maana mji wetu huu watu wanatambuana hata kwa kikohozi.

Mwalimu wangu ni mume wangu. Nitamwita Mhandisi. Alisoma Urusi ujanani, akarudi akafanya kazi ya maji mpaka akastaafu. Mimi nilikuwa mjane. Aliniambia yeye na Mrusi wake waliachana zamani, akabaki na binti mmoja anayeishi kule na mama yake. Akaja kwetu Kinampanda na wazee wake, mbuzi wa mahari wakafika, kaka zangu wakaridhika. Huu mwaka wa sita tunakaa nyumba moja, na ule uzio wake wa matofali umetoka kwenye kuku wangu.

Mwaka huu binti akasema anakuja kumwona baba yake. Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Mimi mwenyewe, kwa kiherehere changu, nikamwambia Mhandisi anifundishe, mtoto wa watu asije akakaa kama yuko kwa mabubu.

Basi asubuhi nikinyonyoa kuku, yeye anavuta kigoda na chai yake.

"Sema prahaditye."

"Prahaditye."

"Hiyo ni karibu ndani."

Nikajua na sadityes, keti. Nikajua kushat padano, chakula tayari. Siychas, naleta sasa hivi. Yivo nyet doma, hayupo nyumbani. Ulimi wangu wa Kinyiramba ukikwama, Mhandisi anacheka mpaka chai inamwagika. "Mama, hapo ungemtukana mtu!" Akanitajia na maneno ya aibu ya kukwepa, yale ya walevi. Nilifurahi jamani. Kuku walisalimiwa Kirusi kabla ya kuchinjwa, sijui kama iliwasaidia.

Siku moja nikamuuliza, "Na 'mimi ni mke wake' nasemaje?"

Akaweka kikombe chini. "Hilo liache. Kwao mwanamke hajitangazi mke mbele ya mtoto wa mwenzake. Ni aibu kuliko matusi. Liweke huko huko kwenye ya kukwepa."

Najua mnanicheka, chekeni. Lakini mimi nimelelewa na mama ambaye hakuwahi kutamka jina la baba mkwe wake. Babu alikuwa na jina la mto wetu, basi mama akienda kuchota anasema, "Naenda kule kwenye maji." Alikufa hajautaja ule mto. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna neno linamezwa kwa heshima, mimi siulizi, nameza.

Binti akafika. Mtu mzima, mpole, anacheka na kila mtu. Mhandisi akaniomba nilale chumba cha uani, kwa heshima ya mtoto. Nikabeba shuka langu nikahama. Mezani nikamwaga maneno yangu yote, binti akapiga makofi.

Halafu juzi, tukiwa kwenye chakula cha mchana, akatoa simu yake, ile yenye kutafsiri. Akaongea Kirusi, simu ikatoa Kiswahili cha kike, kimenyooka kama cha redioni:

"Mama, chakula chako ni kitamu. Baba ana bahati kupata mfanyakazi wa ndani kama wewe. Je, nyumbani kwako ni mbali? Ukimaliza kazi unarudi kwa usafiri gani?"

Nikayapitia maneno yangu kichwani, moja moja. Karibu ndani. Keti. Chakula tayari. Naleta sasa hivi. Hayupo nyumbani. Hakuna hata moja la mwenye nyumba. Asubuhi zote zile, tukicheka, nilikuwa nafundishwa utumishi.

Baadaye nilimkuta Mhandisi jikoni. "Umemwambia mimi ni nani?"

"Punguza sauti."

"Si hajui Kiswahili? Nipunguze ya nini?"

"Mama, elewa. Mimi na mama yake hatukupeana talaka. Huyu akirudi na habari ya mke mwingine, itakuwa vita. Ni siku chache tu, vumilia."

"Na kaka zangu walipokea mbuzi wa nani? Wa mpishi?"

Akatoka nje.

Dada yangu wa Mtinko nimemsimulia kwamba nilimjibu yule binti pale pale: "Mwanangu, mimi ndiye mwenye nyumba hii." Dada akapiga vigelegele kwenye simu. Ninyi hamnijui, sina sababu ya kuwadanganya.

Ukweli ni kwamba pale mezani binti alininyooshea ile simu karibu na mdomo, akabonyeza pa kusemea, akangoja. Kwa Kiswahili, lugha niliyoizoea, ningeweza kusema lolote. Mhandisi alikuwa ameinamia sahani, anachokonoa mfupa uliokwisha nyama zamani. Nikasema, "Nakaa hapa jirani tu, mwanangu. Natembea kwa miguu."

Simu ikamwambia. Akafurahi, akanishika mkono. Mimi nikatoa vyombo.

Anaondoka Jumapili. Nishaurini ndugu zangu: nimwambie kabla hajapanda basi, au nimwache aende, nami nirudishe shuka langu chumbani kwa baba yake? Na nikilirudisha, nitakuwa nimerudi kama nani?