Fungate ya Malindi

Juzi nilikuwa dukani Garsen nikingoja kupimiwa sukari, wakaingia watu watatu kutoka Chara: kijana aliyekaribia kuoa, mchumba wake, na shangazi wa yule binti. Walikuja kununua leso za arusi.

Kijana akasema kwamba wakishaoana atampandisha mkewe basi, wakakae fungate Malindi.

Shangazi akaiweka leso chini. "Fungate ni ndani, mwanangu. Siku saba bi arusi hatoki. Huko Malindi nani atampikia?"

"Nitampikia mimi, shangazi."

Mwenye duka akaacha kupima. Wanawake waliokuwepo wakacheka, mikono midomoni. Kijana akainama.

Ndipo binti akamwuliza, "Wajua kupika nini?"

"Samaki. Na wali, ila huungua chini."

Binti akajifunika uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Shangazi, nataka kwenda."

Shangazi akamgeukia mwenye duka. "Nipimie na mchele wa safari."

Wazee wetu wanalalamika kwamba vijana wameiharibu fungate. Mimi nimeoa siku nyingi, na mke wangu hajapata kuniuliza najua kupika nini. Nadhani jibu analijua.