Wote ni Wanachuo

Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mkuu wa chuo, kocha, mlinzi wa getini, wote walimwita Mama Jezi, naye aliitika miaka kumi na minane bila kununa. Alitunza stoo ya michezo na kufua jezi za timu zote kwa mikono, maana mashine hakuiamini hata kidogo. Na ili shati la kipa lisimwendee winga, ndani ya kila kola aliandika, kwa wino usiotoka, mwenye shati ni nani. Si jina la kwenye kitambulisho, hilo la nini? Aliandika lile watu wanalomwita: Twiga, Mpole, Bonge. Alijivunia utaratibu huo kupita kiasi.

Basi msimu ule timu ya wavulana ikaanza kushinda ghafla, ushindi wa kutia shaka. Mshambuliaji mpya alikuwa na kipara na watoto wawili. Mama Jezi alimfahamu fika. Alikuwa fundi baiskeli wa nyuma ya soko, na darasa la chuo hajawahi kuliona hata kupitia dirishani. Mamluki mtupu, akicheza kwa kitambulisho cha mwanafunzi mwingine. Kocha akamwambia, "Mama, wewe vaa miwani ya mbao." Akaivaa. Kwenye kola ya jezi namba tisa akaandika, kama kawaida yake, Fundi Baiskeli.

Nisimsingizie, hakunyamaza kwa kumpenda kocha. Alinyamaza kwa ajili ya binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu ana miaka minne, na ambaye sasa alikuwa nahodha wa timu ya wasichana. Binti alikuwa mwaka wa mwisho, na timu yake imeingia nusu fainali kwa jasho halali, mara ya kwanza tangu chuo kijengwe. Kocha alikuwa amemtisha Mama Jezi kwamba wavulana wakianguka, michezo yote imeanguka. Akamwamini. Mtu mzima na akili zake!

Wajumbe wawili wa kamati ya ligi walikuja Jumatatu asubuhi, wakamkuta stoo anakunja soksi. Mwenyekiti, mama mmoja wa sauti ya chini, akamuuliza kwa heshima.

"Mama, wachezaji hawa unawafulia kila wiki. Wote ni wanachuo?"

"Wote ni wanachuo."

"Una uhakika? Chuo kikisema chenyewe, tunaiadhibu timu iliyokosa tu. Kikificha, tunakifungia chote."

Hapo alikuwa amefunguliwa mlango, apite zake. Lakini Mama Jezi alikuwa mbishi tangu utoto, na kujirudi mbele ya wageni aliona aibu. "Nimeshasema. Wote."

Mjumbe wa pili akavuta jezi namba tisa kwenye kamba, akageuza kola. "Na huyu Fundi Baiskeli anasoma kozi gani?" Hakuna aliyecheka.

Adhabu ilitoka baada ya wiki. Ushindi wote wa wavulana ulifutwa, kocha akafungiwa maisha, na chuo kizima kikazuiwa kushiriki mchezo wowote wa ligi kwa miaka miwili, kwa kosa la kuficha ukweli. Wasichana nao wakaingia humo humo. Walipewa siku saba za kukata rufaa.

Binti alilia siku moja. Siku ya pili akaketi mezani na kalamu.

"Mama mkubwa, siku ile ulikuwa stoo. Nani aliwaambia wote ni wanachuo? Nikimtaja kwenye rufaa, kamati wataona sisi hatumo."

Mama Jezi alikuwa anamenya vitunguu. "Si kocha huyo," akasema bila kuinua uso. "Nani mwingine?"

Binti akaandika hivyo, akapeleka barua. Siku zilizobaki, kila asubuhi Mama Jezi alipiga moyo konde kwamba leo anasema. Kila asubuhi akamkuta binti anafunga kamba za viatu, anaimba chinichini, anakwenda kufanya mazoezi na wenzake kwa matumaini. Ulimi ukamwia mzito. Siku ya saba ikapita.

Jibu lilikuja Alhamisi. Binti alilifungua palepale mlangoni, akasoma kwa sauti ili mama yake mkubwa naye asikie. "Rufaa imekataliwa. Waombaji wameleta maelezo ya uongo. Kocha hakuwepo stoo. Aliyeulizwa mara mbili, na kujibu mara mbili, ni mtunza..."

Sehemu iliyobaki akaimalizia kimoyomoyo.

"Nilikuwa nakulinda, mwanangu."

"Ungeniambia tu, mama mkubwa. Ningeandika kwamba umekosea na unaomba radhi. Wangetuelewa."

"Basi andika sasa. Kesho nakwenda mwenyewe, nitawapigia magoti."

Binti akamwonyesha mstari wa mwisho. Uamuzi ule haukuwa na rufaa nyingine.

Nusu fainali ilichezwa Jumamosi, na chuo kingine kikachukua nafasi yao. Binti alijiandaa kwenda kuitazama na wenzake. Mama Jezi naye akavaa, akajitanda khanga, akasimama mlangoni kumsubiri.

"Wewe pumzika tu nyumbani, mama mkubwa," binti akamwambia, kwa adabu yote aliyomlea nayo, akatoka.